Shavu Nililolifuta

Nyinyi vijana mnaoamka na kushika simu kabla hamjanawa uso, haya nawaandikia nyinyi. Wazee wenzangu hawana haja nayo. Wao wakiona picha wanauliza tu, "Huyu nani?" basi. Nyinyi ndio mnaopiga picha mkaikuza, mkaisugua, mkaing'arisha, mkaituma, na aliyetumiwa akasema mashallah bila kujua amesifu nini. Mimi pia nimefanya. Nimefanya nikiwa na mvi kichwa kizima, na niliyemfanyia ni damu yangu. Siandiki mnionee huruma. Someni, kisha mkafanye kazi zenu.

Shule nilisoma kidogo. Kuandika nilikuja kukamilishia kwenye darasa la watu wazima, tukitoka shamba na majembe yetu, na mpaka leo mwandiko wangu unapanda mlima. Mjukuu wangu wa kike ndiye anayeyachapa haya kwenye kompyuta yake. Nimemwambia herufi arekebishe, maneno ayaache.

Mjukuu huyo ndiye mwenye habari hii. Nimemlea tangu hajaota meno, mama yake, binti yangu, alipotangulia mbele ya haki. Alizaliwa na baka jeusi kwenye shavu la kushoto. Linaanzia chini ya jicho, linashuka mpaka kwenye taya, kama mtu aliyelala akaegemea sufuria lenye masizi. Alipokuwa mdogo watoto wa pale kwetu Chanika, Handeni, walikuwa wakimwambia, "Kanawe! Kanawe!" Nilikuwa nachuma fito na kuwafuata mpaka milangoni kwao. Niliwachapa watoto wa watu kwa ajili ya shavu lile. Mama mmoja alikuja kunilalamikia, nikamwuliza kama nyumbani amebakiza mwingine, amlete naye.

Yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Alikua, akajifunza kazi ya picha, akafungua kibanda karibu na stendi ya Handeni. Anapiga picha za pasipoti, anachapa picha za harusi, anaweka vyeti vya watu kwenye plastiki. Pale kibandani kuna kioo kikubwa cha wateja kujitazama, na yeye hukaa mbele ya kioo hicho kutwa nzima, anauza sura za watu, na yake ameiacha ilivyo.

Mimi magoti yaliponikatalia shamba, nikawa nampelekea chakula cha mchana. Bada la muhogo na mboga ya mchunga, siku nyingine wali. Nikishafika sina haraka ya kurudi, nakaa kwenye benchi naangalia. Siku moja nikamletea picha ya marehemu babu yake. Ilikuwa imelowa mvua ya paa, imeingia madoa ya njano, na ukungu umemla bega. Nikamwuliza kama inaponyeka.

"Inaponyeka, Bibi. Njoo ukae hapa uone."

Aliipiga picha ile picha, akaikuza kwenye kompyuta. Akanionyesha kialama chenye sura ya plasta, ile ya kubandika kidonda. Unagusa doa, chombo kinatazama ngozi iliyo jirani na doa, kinaiazima, kinaifunika. Doa moja likaondoka, likaondoka la pili. Mume wangu akawa anarudi mbele ya macho yangu, bega, kola, kofia. Mkono wa mjukuu ukafika kwenye jicho. Mume wangu alikuwa na makengeza.

Akasema, akinitania, "Na hili, Bibi? Nilinyooshe?"

Nikamwambia, "Ukiligusa hilo jicho nitakuchapa mbele ya wateja wako."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaniambia, "Umeshajifunza nusu ya kazi, Bibi. Cha kupita, futa. Cha kukaa, acha." Akanifafanulia. Chunusi itapita, kwa hiyo futa. Jasho, vumbi, uzi kwenye kola, macho mekundu ya mtu aliyesafiri usiku, futa. Lakini kovu, alama za ndui, mwanya, mvi, jicho la babu, hivyo ni vya mtu. Ukivitoa umemtoa mtu.

Nililishika neno lile. Nawaambieni nililishika, msije mkafikiri nilikosea kwa kutokujua.

Akanifundisha na mengine. Simu yangu ilitosha, haikuhitaji kompyuta. Nilikuwa nakuza picha kwa vidole viwili, nafuta kidogo, kisha naipunguza na kuisogeza mbali na macho nione kama uso bado una uhai. Kazi yangu ya kwanza nilimng'arisha bibi harusi mmoja mpaka uso ukawa unga na shingo ikabaki yake. Mjukuu akaitazama, akaniuliza, "Bibi, huyu umemvika kinyago?" Nikarudia. Akanifundisha niangalie mwanga unaingia upande gani, maana kila kitu usoni hufuata mwanga: pua ina kivuli chake, shavu moja hupata zaidi, jingine hupata pungufu. Alisema, "Ukisahau mwanga, hata mtoto atajua kuna kitu, ingawa hatajua ni nini."

Niliweza. Na nikishaweza kitu mimi sikai nacho. Kina mama wa kikundi chetu cha kuzikana hukutana Ijumaa mchana barazani kwangu, na baada ya mazungumzo ya kikundi nikawa nawaonyesha. Mmoja anashika simu mbali kama anayesoma barua ya serikali, mwingine amevaa miwani ya mumewe. Tulicheka sana. "Nifutie mwaka mmoja tu!" "Wako haufutiki kwa plasta, utafutika kwa jembe!" Cha kupita futa, cha kukaa acha, niliwakaririsha kama mwalimu, na fimbo mkononi. Wakaanza kuniita bibi wa picha. Watu wakawa wanapita kibandani kwa mjukuu wanauliza, "Bibi yupo?" Nikavimba kichwa. Sifa ni kama samaki wa mtoni, nyama yake tamu na imejaa miiba.

Sasa, akatokea kijana wa Korogwe. Fundi umeme. Alikuja Handeni kutandaza nyaya kwenye vibanda vya stendi, akakaa kwenye kibanda cha mjukuu wangu zaidi kuliko kazi ilivyotaka. Mara swichi haijakaa sawa, mara aikague tena. Mimi niko kwenye benchi naona. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake haina haraka. Baka aliliona siku ya kwanza na hakuuliza. Baada ya muda akasema anataka kuleta watu.

Baba yake hayupo duniani. Neno lote liko kwa mama yake, anayekaa Masuguru, huko huko Korogwe, mtu wa asili ya milimani, Mshambaa. Mama huyo mguu ulikuwa umemvimba, hasafiri. Kijana akatueleza waziwazi: watakuja shangazi yake na mjomba wake kumwona binti, lakini wasipopata ridhaa ya mama hakuna kishika uchumba, na bila kishika uchumba hakuna posa. Na mjukuu wangu alimtaka yule kijana. Hakuniambia. Lakini alikuwa akisikia pikipiki yoyote nje ya kibanda anainua kichwa.

Kabla ya wageni kuja, dada wa yule kijana akanipigia mimi simu. "Shikamoo Bibi. Mama anaomba picha ya wifi, amtazame kwanza, maana yeye hataweza kuja." Nikasema nitatuma.

Picha ninayo kwenye simu. Niliipiga mwenyewe kibandani, amekaa ubavu kwa dirisha, mwanga umelijia shavu la kulia, la kushoto liko kwenye kivuli na baka lake. Anatabasamu, maana nilikuwa namkaripia akae vizuri. Ni picha nzuri. Nilikaa barazani naiangalia, na badala ya kumwona yeye, nikamwona mama mmoja nisiyemjua huko Masuguru ameshika simu, amekunja uso.

Nikagusa kile kialama cha plasta.

Baka lile ni kubwa, plasta haitoshi, ngozi ya jirani haifiki. Nikafanya kazi ambayo mjukuu alinionyesha kwa ajili ya picha za zamani zilizochanika: nikachukua shavu lote la kulia, nikaligeuza, nikalibandika kushoto. Kingo nikazilainisha kwa kidole. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba niliifanya vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele. Nilipomaliza nikaituma. Kisha nikaifuta ile ya kwanza, ili asije akazikuta mbili akauliza.

Wageni wakaja. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Shangazi wa kijana ni mwanamke mpana, mcheshi, ameingia akitusalimia mpaka kuku. Mjomba ni mkimya, kofia mkononi. Mjukuu akaingia na sinia la chai, akapiga goti, akasalimia. Shangazi akampokea shikamoo, akamtazama, akatazama mlangoni.

"Marahaba mwanangu, umekua vizuri. Na dada yako yuko wapi?"

Mjukuu akasema, "Sina dada, Shangazi."

Shangazi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa wasichana. Akatoa simu kwenye mkoba. "Sisi tumetumwa kumwona huyu. Mama yake kijana ameniambia nimwangalie vizuri huyu."

Mjukuu akaipokea simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Niliona macho yake yanakwenda shavu la kulia, yanakwenda la kushoto, yanarudi. Mwanga ulikuwa unang'aa pande zote mbili, na dirisha la kibanda chake liko upande mmoja. Nilikuwa nimelisahau. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Akaniangalia mara moja tu, wala hakukunja uso.

Akasema, "Ni mimi, Shangazi. Nimeitengeneza mwenyewe. Ndiyo kazi yangu."

Shangazi akaacha kucheka. "Kazi yako."

"Ndiyo."

"Basi kazi yako, mwanangu, inaweza kumleta bibi harusi ambaye hayupo. Shavu halina neno. Nani hana alama? Ila nyumba ikificha shavu, tutajuaje imeficha nini kingine?" Akamgeukia mjomba. Mjomba akavaa kofia yake.

Na mimi nilikuwepo. Nimekaa kwenye kiti changu, mikono magotini. Mimi ambaye mtaani kote wananijua sinyamazishwi na mtu, si balozi, si shehe. Nilikaa kimya. Mtoto amepiga goti mbele ya watu anajipaka uongo wangu, nami namtazama. Wageni wakanywa maji, chakula wakasema wameshiba, wakasema watakwenda kushauriana. Mnajua maana yake. Mgeni wa posa akiacha chakula, hajashiba, amekataa.

Walipoondoka, mjukuu akaanza kufunika vyombo. Nikamfuata jikoni.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ningesema ni wewe, Bibi, jina lako lingefika Korogwe kabla ya gari lao. Mimi jina langu bado nina muda wa kulisafisha. Wewe utalisafisha lini?"

Alikuwa ananitania, kwa mazoea yetu. Nikataka kucheka. Akafunika sufuria la wali, akakaa juu ya kigoda, na utani ukamwishia.

"Kwa Babu ulisema nikigusa jicho lake utanichapa."

"Nilisema."

"Tukafuta madoa ya maji tu." Akajishika shavu, si kwa kulia, kama mtu anayepapasa kitu gizani. "Bibi, kwani mimi nimelowa?"

Mpaka leo nikilisikia lile swali nikiwa natwanga, mkono unasimama.

Kijana alipiga simu, hakupokelewa. Mjukuu alifungua kibanda kama kawaida, akahudumia watu, akanipokea chakula, akaniambia asante Bibi. Ila hakuniita nikae kwenye kompyuta. Na pikipiki zikipita, hakuinua kichwa.

Nikapanda gari la Korogwe. Sikumwambia yeyote. Nilivaa kanga zangu za heshima, nikabeba kuku mmoja, nikiwa njiani nikaona aibu ya kuku: je, nakwenda kuhonga? Tulipovuka mto nikawa bado sijajua nitaanzaje. Huko Masuguru niliuliza nyumba kwa nyumba mpaka nikafika.

Mama wa kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, mguu uko juu ya mto wa kulalia. Mwembamba, macho makali, na shingoni ana rovu, uvimbe kama embe dogo, ule wa watu wa milimani wa zamani. Nami nilishatumiwa picha yake na yule binti yake, ya kufahamiana. Kwenye picha alijizungushia mtandio mpaka kidevuni. Siku ile hakuwa nao.

Nilimpa hali, nikamwambia mimi ni nani. Akasema, "Karibu, mama," kwa ubaridi. Sikungoja chai.

"Nimekuja kutoa kauli. Ile picha niliiharibu mimi. Mtoto hakujua mpaka alipoiona mkononi kwa shangazi."

"Wifi yangu kaniambia binti alikiri mwenyewe."

"Alikiri."

"Basi huo ni uongo wa pili?"

"Alinifunika mimi."

"Na wewe ulikubali kufunikwa?"

"Nilikaa."

"Mpaka wageni wakatoka?"

"Mpaka vumbi la gari likatua."

Akanitazama. Mimi ni mtu wa kumkazia mtu macho mpaka ainame, siku ile nilitazama mkeka. Nikadhani ataniambia nitoke. Badala yake akachukua simu yake, akatafuta picha, nyingine, isiyo na mtandio. Akanipa.

"Wanasema wewe ni fundi. Nitoe hili rovu nione."

"Mama, sikuja kwa ajili hiyo."

"Kwa mjukuu wako uliweza bila kuombwa. Mimi nakuomba."

Nikafanya. Kwenye simu yake chombo kile kilikuwemo, nikaazima ngozi ya kifuani, nikaliondoa, nikanyoosha shingo, safari hii nikifuata mwanga. Nikampa. Aliishika picha ile muda mrefu, midomo ikicheza. Binti yake akapita na kuchungulia begani kwake. "He! Nani huyu, Mama?"

Yule mama akaniambia, "Umesikia? Huyu nimemzaa mimi." Akanirudishia simu. "Mzuri. Simjui. Rudisha shingo yangu."

Nikairudisha. Kwake ilikuwa rahisi, picha ya kwanza ilikuwepo.

"Haya," akasema. "Na mkwe wangu naye mrudishie shavu lake, uitume picha yake upya."

Neno lile mkwe lingenifurahisha. Lakini ilibidi nimwambie lililobaki. "Sina ile ya kwanza. Niliifuta."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Hakupiga kelele. Alisema, "Uliogopa asije akaliona shavu lake mwenyewe?" Kisha akamwita binti yake achukue yule kuku, na akaniambia nile kabla ya kupanda gari. Nilikula. Kila tonge nililisikia likishuka.

Nilirudi nikamweleza mjukuu yote, mbele ya kina mama wa kikundi, siku ya Ijumaa, maana wao niliwafundisha neno moja na mimi nikatenda jingine. Wawili kati yao waliinamisha vichwa, nikajua kuna nyuso nyingine mtaani zimefutwa kwa mafunzo yangu. Hakuna aliyecheka. Sijaitwa bibi wa picha tena, na vizuri.

Mjukuu alikubali kupigwa upya. Alikaa pale pale kwenye dirisha, lakini safari hii aligeuza kiti, mwanga ukaangukia shavu la kushoto. Alinipa mimi simu niipige. Hakutabasamu, na sikumkaripia. Nilipobonyeza akauliza, "Utagusa, Bibi?" Kulikuwa na wateja. Nikasema, "Sigusi." Ikaenda Masuguru hivyo hivyo, na uzi uliokuwa kwenye kola yake nikauacha. Shangazi na mjomba walirudi baadaye, wakala.

Harusi Mungu akipenda itakuwa baada ya mavuno. Mjukuu ananicheka tena, ananiita nikae kwenye kompyuta, na madoa ya maji bado ananiachia mimi. Lakini kila nikishika picha yenye uso wake ndani, awe peke yake au na watu kumi, nasikia mikono yake imesimama kwenye kibodi, ananisubiri. Hapo ndipo ninapolipa.

Kwa hiyo nikawakusanya wote wa nyumba yangu barazani, wakubwa kwa wadogo, simu zao mkononi, nikawaambia: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, hakuna kugusa uso wa mtu kwenye simu mpaka mwenye uso amekaa pembeni yako anatazama. Akisema acha, kidole kitoke. Na picha ya kwanza haifutwi, hata ikiwa mbaya. Anzeni na mimi. Leteni simu yangu hapa, mkague."